Sinia Tupu Kwenye Kiwiko cha Lumi

"Mimi na maji tumelelewa nyumba moja," alisema Sajenti Danson Mwachia, mguu mmoja ndani ya boti na mwingine kwenye tope la Mto Lumi. "Hakuna mto kwa hii kaunti unaweza kunifundisha kitu."

Mto ulikuwa unasikiliza. Boti ilisogea kidogo tu, kama muumini anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisa. Mguu wa ndani ukaenda nayo, mguu wa nje ukakataa kung'oka topeni, na sajenti akapanuka kama mkasi mpaka hapakuwa na namna nyingine ila kuketi. Akaketi. Maji yalimfika kifuani.

Konstebo Risper aligeukia shamba la migomba na kulikagua kwa makini sana, kama aliyeona mshukiwa mpya. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Afande," akasema Muinde, "kule kwenu Mwanda boti mnazipandia wapi? Juu ya mlima?"

Lilikuwa swali zuri, na lingechekesha zaidi kama aliyeuliza hangekuwa na pingu mikononi. Muinde alikuwa ndani tangu Jumapili. Gari lililomleta hapa mtoni asubuhi hii lingempeleka Voi kusomewa shtaka la kumuua rafiki yake Elijah, au lingemrudisha kwake Mata akale chakula cha mchana na mkewe. Kati ya safari hizo mbili kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuamua, nacho ni boti hiyo hiyo iliyomkalisha sajenti majini.

Ilikuwa boti ya bati, fupi, tumbo bapa, pua iliyokatwa wima kama boksi. Haikuwa na injini wala makasia. Watu wa Mata waliiita Sinia, kwa kuwa ukiiona imeanikwa juani ungedhani kuna harusi mahali. Mwenye boti alikuwa Mable, mama mwenye kambi ya mabanda machache huko chini, karibu na mto unapoingia Ziwa Jipe, na biashara yake iliwashangaza wenyeji mpaka leo. Wageni walikuja kutoka Nairobi na fimbo za kuvulia zilizofungwa vizuri kuliko watoto wachanga, wakapanda Sinia huku juu, wakauachia mto uwabebe. Hawakupiga kasia, hawakutupa wavu. Waliteleza na mkondo, mgeni mbele akirusha ndoana chini ya mizizi ambako kambare hupumzika, na nyuma yake kijana wa kambi ameshika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chini, akiinyoosha boti isigonge kingo. Samaki akipatikana anapigwa picha, anasifiwa, halafu anarudishwa majini. Hapo ndipo wazee wa Mata walipotingisha vichwa na kwenda zao.

Vijana wa upondo walikuwa wawili, Elijah na Muinde. Jumamosi hapakuwa na mgeni, wakaingia mtoni wenyewe kwa wenyewe. Jioni yake Sinia ilipatikana tupu, imejibana kwenye matete ya Jipe. Muinde alipatikana nyumbani akila ugali. Elijah hakupatikana.

"Tuanze tena," Danson alisema, akikamua shati bila kulivua. "Mlipigania wapi?"

"Hatukupigana, afande. Tulizozana."

"Wapi?"

"Hapa hapa pa kufulia." Muinde alionyesha kwa kidevu, kwa kuwa mikono ilikuwa na shughuli nyingine.

"Kuhusu nini?"

"Kiboko. Kuna jike amezaa kule kwa matete. Nikamwambia Elijah leo tusipite Kiwiko, tutauawa. Akaniambia kama naogopa nishuke nikafue na kina mama. Nikashuka. Kwa hasira, lakini nikashuka."

"Yeye?"

"Akaenda. Akiimba, ili nisikie vile hajali."

"Suruali yako ililowa mpaka wapi?"

Muinde alifikiri. "Goti."

"Iko wapi?"

"Mke wangu aliifua Jumapili."

"Wake za washukiwa ni wasafi sana," alisema Risper, ambaye sasa alikuwa amemaliza kukagua migomba. "Nimeona hiyo tangu nianze kazi."

"Konstebo, mke wangu hufua kila Jumapili. Pasta amemsema mpaka akachoka. Uliza mtu yeyote."

Danson hakuwauliza watu wowote. Suruali iliyolowa mpaka goti ingesema kwamba mtu alishuka pa kufulia, palipo na maji machache. Iliyolowa mpaka kifua ingesema alishukia kule chini, kwenye kina. Iliyofuliwa haikusema chochote. Ilikuwa imekaa kambani inapunga upepo kama vile kesi haiihusu.

Kikabaki Kiwiko. Hilo ndilo jina la kona ambapo Lumi inajikunja ghafla, kama mkono ulioegemezwa mezani, na mizizi ya mikuyu imejaa majini upande wa nje. Fimbo ya Elijah, mshipi umekatika, ilipatikana imenasa kwenye tawi kabla ya kona hiyo, na ndara yake moja pembeni. Kwa hivyo Elijah aliingia majini hapo, juu ya Kiwiko. Hilo lilikubaliwa na kila mtu, hata na Muinde. Ubishi ulikuwa wa boti. Kiwiko hukamata kila kinachopita: magogo, mitungi, na wakati wa mafuriko kilikamata mbuzi wa chifu akiwa mzima. Kama boti tupu haiwezi kuipita kona ile peke yake, basi Elijah alipoanguka kulikuwa na mtu mwingine ndani, akashika upondo, akaivusha. Na mtu huyo hangekuwa mwingine ila Muinde. Lakini kama boti tupu inaweza kupita, basi Muinde alikuwa amesema kweli, na kosa lake lilikuwa kwenda nyumbani amenuna.

Mkubwa wa Danson, Inspekta Mkuu Stephen, alipendelea Muinde awe ndani ya boti. Alikuwa ameshachoka. Jana yake Danson alikuwa amemlia siku nzima akifuata uvumi kwamba Elijah ameonekana Holili, ng'ambo ya mpaka, akinunua viatu. Danson alimpata mnunuzi wa viatu. Alikuwa mwalimu wa kwaya kutoka Moshi, na alikasirika sana.

"Sitaki kusikia viatu tena," mkubwa alikuwa amemwambia. "Peleka boti pale, iachilie tupu. Ikipita, nipigie. Ikikwama, nipigie. Voi wananingoja."

"Afande," Muinde aliita. "Neno moja kuhusu mnyororo."

Nyuma ya Sinia kulikuwa na pete, na kwenye pete kulifungwa mnyororo mzito wenye kutu. Ukiushusha majini unaburuta chini ya mto na boti inapunguza mwendo. Bila huo, alieleza Muinde, boti hukipita chambo chake na samaki hubaki akiicheka.

"Lakini samaki mkubwa akishika, kitu cha kwanza ni mnyororo ndani. Ukiuacha chini, mshipi unajifunga humo na samaki anakwenda zake. Elijah alikuwa anautoa hata kabla hajapiga kelele."

"Na ulipatikana ndani," alisema Risper. "Umekunjwa vizuri. Iko kwa picha."

"Basi jaribuni hivyo hivyo. Mnyororo ndani, vile ilivyokuwa."

"Unanifundisha kazi?" aliuliza Danson.

"Nakuomba, afande."

Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Muinde kusema kitu bila mzaha ndani yake, na Danson akajikuta ametikisa kichwa kukubali.

Risper alimvuta kando. "Sajenti, si nibaki? Wewe uachilie boti, mimi nisimame Kiwiko nione."

"Na mshukiwa akae na nani? Dereva? Dereva analala na macho wazi."

"Tungoje basi waje wengine."

"Risper. Boti moja, mto mmoja, sajenti mmoja. Kazi gani hapo?"

Risper alimtazama shati, ambalo bado lilikuwa linadondosha, akaamua kutosema. Gari likaondoka na Muinde nyuma, uso wake kwenye wavu wa dirisha, kwenda kungoja kituoni simu ya sajenti.

Danson akabaki na Sinia.

Kuifuata boti kwa ukingo haikuwezekana; kuanzia pa kufulia mpaka karibu na Kiwiko kulikuwa na miiba na mafunjo yaliyobanana kama watu kwenye foleni ya mbolea. Ilibidi apande, ateleze nayo mpaka penye tawi la ile fimbo, ashuke hapo, aiachilie tupu. Mpango ulikuwa safi. Alijisukuma kwa upondo mara ya kwanza, boti ikazunguka ikatazama ilikotoka. Alijisukuma mara ya pili, ikazunguka tena. Mara ya tatu upondo ulizama topeni, boti ikaendelea na safari, na ikambidi achague kati ya mti na boti. Alichagua boti. Upondo ulibaki umesimama katikati ya Lumi kama mlingoti wa shule siku ya likizo.

Sasa Sinia ilikuwa inakwenda kinyumenyume, na kasi yake, ambayo kutoka ukingoni ilionekana ya kuchekesha, kutoka ndani haikuchekesha. Matawi yalimjia kisogoni. Danson aliinama, akashika kingo za bati kwa mikono miwili, kisha akaona mnyororo miguuni pake. Aliutupa majini wote.

Boti ikatulia. Ikaanza kwenda mwendo wa bi harusi. Danson akaketi wima, akapangusa uso, akamshukuru aliyebuni minyororo.

Tawi lilikuwa limefungwa utepe wa polisi. Alilishika, akateremka upande wa mtoni, maji yakamjia kifuani kwa mara ya pili siku hiyo. Alikuwa bado ameishika boti, anaiweka sawa, alipoona gogo. Lilikuwa jeusi, limelala juu ya maji hatua chache kutoka kwake, na lilikuwa na kitu kama jicho.

Sajenti aliisukuma Sinia kwa nguvu zake zote na kupanda ukingo kwa namna ambayo haimo kwenye mafunzo ya polisi. Alipogeuka, gogo lilikuwa gogo. Jicho lilikuwa fundo. Boti ilikuwa imeondoka.

Ilikwenda polepole, kwa adabu, ikafika Kiwiko, ikageuza ubavu. Ikasimama. Danson aliitazama mpaka maji ya shati yakaanza kukauka mabegani. Haikuondoka.

Akatoa simu mfuko wa juu.

"Bosi. Imekwama."

"Kabisa?"

"Kabisa. Iko pale kama imepigiliwa misumari."

"Basi alikuwa ndani." Pumzi ndefu ilisikika. "Kazi nzuri, Sajenti. Hiyo sasa ni kazi."

Mkubwa hakuwahi kumwambia neno hilo tangu Danson ahamie bondeni. Alibaki ameshika simu hata baada ya upande wa pili kukatika.

Kisha akaifuata boti ya watu. Miiba ilimpokea, ikamchana suruali, ikamwachilia baada ya muda mrefu sana upande wa Kiwiko, akateremkia kwenye mizizi na kuushika ubavu wa Sinia. Na hapo akaona kwamba hakuna mzizi uliokuwa umeishika boti. Mbele palikuwa wazi. Ubavuni palikuwa wazi. Kilichoishika kilikuwa nyuma yake, kimenyooka kutoka kwenye pete mpaka majini, kimekazana kama kamba ya mbuzi anayetaka kurudi nyumbani.

Danson alitazama juu, upande wa utepe. Akatazama mnyororo tena.

Akaingia majini, akapapasa. Mnyororo ulikuwa umepita kati ya mizizi miwili na kujibana. Aliukwamua, akauvuta taratibu na tope lake, akaukunja ndani ya boti kama ulivyokunjwa kwenye picha. Mkono mmoja aliuacha kwenye ubavu wa bati. Alipouweka mwisho wa mnyororo sakafuni, Sinia ilitikisika, ikageuza pua, ikaanza kuondoka. Danson aliishikilia. Akashika kamba ya mbele kwa mikono miwili, akajikaza kwenye mizizi. Kamba ikamteleza viganjani ikachukua ngozi, akaiachia.

Boti tupu ilikipita Kiwiko bila kugusa jani. Korongo mmoja alisogea kuipisha. Ikaingia kwenye mnyooko wa chini, ikashika njia ya matete, njia ile ile, kama punda anayejua kwao.

Ikapita. Kwa hivyo ingeweza kupita Jumamosi. Kwa hivyo palikuwa na mtu mmoja tu humo, naye alianguka, na mtu wa pili alikuwa anatembea mashambani amenuna. Hesabu ilikuwa fupi, na haikumwachia sajenti pa kujificha.

Alipiga simu.

"Bosi, kuhusu lile jaribio—"

"Limefaulu ama halikufaulu?"

"Limefaulu, lakini—"

"Lakini weka kwa ripoti. Nimeshaongea na Voi. Nimewaambia boti tupu haipiti, imejaribiwa na ofisa wangu, kwa macho yake. Sasa niko na watu." Akakata.

Danson alipiga tena. Ilikuwa inatumika. Alipiga tena, ikawa imezimwa.

Akampigia Risper.

"Sajenti!" Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Tuko njia ya Voi, tumeshaipita Salaita. Muinde ananiuliza kama mnyororo ulikuwa ndani. Nimwambie nini?"

"Simamisha gari."

"Kwa nini?"

"Simamisha tu."

"Amri ya bosi ni tusisimame hata kununua maji. Nipe sababu nimwambie dereva." Upepo. "Sajenti? Sababu moja tu, nasimamisha sasa hivi."

Danson alivitazama viganja vyake. Vilikuwa vyekundu na vilianza kuwaka. Mto ulikuwa umeshasahau. Hapakuwa na boti, hapakuwa na alama, maji yalikuwa yamejifunga juu ya mizizi kana kwamba hakuna aliyewahi kupapasa hapo. Boti nyingine ya kurudia jaribio haikuwapo Mata nzima. Hiyo moja ilikuwa inaelekea kwa kiboko, na mara ya kwanza ilitolewa kule kwa trekta, kamba na maombi.

"Nitakupigia," akasema.

Alipofika kambini kwa Mable alikuta watu. Tangu Elijah apotee hapakukosa watu pale. Walikuwa wakipiga matete kwa fimbo ndefu kila siku, wakirudi bila kitu, wakikaa kivulini kwa Mable wakinywa chai yake na kutazamana. Waligeuka wote walipomwona anatokea kwenye miiba.

"Karibu, Sajenti," alisema Mable. Alikuwa na mwiko mkononi, na aliushika kama rungu. "Risper amenipigia akiwa njiani. Ati boti yangu imekwama Kiwiko, haitoki, kwa hivyo Muinde anaenda Voi."

"Ndiyo."

"Haya. Sasa mimi nimesimama hapa, na hawa wote, tumeona boti yangu inapita. Hapo. Haina mtu. Inaenda kwa kiboko inacheza. Nieleze basi, boti iliyokwama hupitaje?"

"Niliichomoa," alisema Danson.

"Uliichomoa."

"Kwa nguvu. Nikaivusha kona kwa mikono yangu, ndio ikanitoroka. Angalia." Akawaonyesha viganja. Watu walivitazama. Mzee mmoja akasema pole.

"Na mnyororo?" Mable aliuliza.

"Mnyororo ulikuwa ndani."

"Tangu juu?"

"Tangu mwanzo, mama. Mimi si mtoto. Nimekua na boti."

Neno lilikaa vizuri. Mzee wa pole akaguna kukubali. Mtu mmoja akasema basi ni Muinde kweli, na mwingine akasema yeye alikuwa na wasiwasi na Muinde tangu zamani, jambo ambalo hakuwa amewahi kulisema kwa mtu. Mable alishusha mwiko nusu.

Hapo watu wa nyuma walipisha njia. Aliyekuwa anapita ni Loise, mke wa Elijah na mama yake Wakio, leso yake imelowa mpaka kiunoni, nyasi za mafunjo zimemganda kwenye mikono. Alitembea mpaka mbele ya sajenti, akasimama.

"Mama Wakio," alisema Danson. "Pole sana. Tunafanya kila—"

"Mimi hukaa ng'ambo ya Kiwiko," alisema Loise. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu ambaye hajaitumia kutwa. "Kila siku. Nakaa ndani ya mafunjo nangoja maji yanirudishie mtu wangu. Nakaa kimya mpaka ndege wanakanyaga miguu yangu. Watu hawanioni."

Danson alivificha viganja nyuma yake.

"Leo nimekuona ukishuka kwenye tawi. Nimekuona ukilikimbia lile gogo." Mtu alicheka, akajikata katikati. "Halafu nikakuona ukiifikia boti, ukatoa mnyororo chini kwa mizizi. Ulikuwa majini. Ukauingiza pole pole. Na boti ikaenda. Hukuisukuma, Sajenti. Wewe ulikuwa unaivuta irudi."

"Mama Wakio, pale ni mbali. Jua lilikuwa linameta kwa maji. Mtu akiwa na majonzi—"

"Mimi nilikuwa nataka iwe ni Muinde." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Sikudanganyi. Nimemfunga mwenyewe kichwani mwangu mara ngapi. Nilitaka niwe na mtu wa kumshika. Lakini kama boti hupita yenyewe, basi boti kufika huku si ishara ya kitu. Elijah hakufika huku. Yuko kule juu alikoanguka, chini ya ile mizizi, na ninyi mnapiga matete pasipo na mtu tangu Jumapili. Nimengoja polisi aje atwambie hivyo. Umekuja, na umesema hivi."

Mable aliutua mwiko mezani. "Sajenti. Mpigie mkubwa wako. Hapa hapa."

"Simu imelowa, mama," alisema Danson. "Imekufa tangu asubuhi nilipoanguka."

Simu ikalia.

Ililia mfukoni mwa shati lake, wimbo wote, na hakuna mtu aliyeangalia mahali pengine. Danson aliitoa. Mable alimchukulia mkononi, polepole, kama mtu anavyomchukulia mtoto kisu, akabonyeza spika, akaiweka juu ya meza kati yao.

"Sajenti, ulisema utapiga," ilisema sauti ya Risper. "Tumefika Voi, tuko getini. Muinde hajaongea tangu Salaita. Kuna sababu, ama hakuna?"

Danson alifungua mdomo.

Loise aliiinamia simu, nyasi zikamdondoka mkononi. "Msimshushe bado," akasema. "Afande anawaza aanze wapi. Akishindwa, niko hapa."